Jino la Nyangumi na Faili la Jumatatu

"Arieta, acha hiyo stika. Kuna kazi ya haraka hapa."

Hivyo ndivyo Bwana Shalendra alivyoniharibia maisha Alhamisi ile, kikombe cha chai mkononi, bila hata kujua. Ndiye mwenye duka la mabango la Walu Bay, hapa Suva, ninapofanya kazi. Ni mtu mwema, ila kunyamaza hajui.

"Watu wa Waisasa, kampuni ya mafuta ya nazi, wamepata nembo mpya kwa shindano," aliniambia. "Wanataka tuibandike ubavuni mwa lori lao, mita sita. Sasa mshindi wao amewatumia picha ya ovyo, ukiikuza inakuwa vigae vigae. Wamempa mpaka Jumatatu alete faili la kweli, lakini wanahisi hana. Hebu itazame. Kama inachoreka upya, ichore."

Niliifungua. Kwanza niliona ukungu tu na kingo zilizochakaa. Nikaipunguza ukubwa kidogo, na hapo nikaona safu ya meno kumi na moja, kama ya msumeno, jino la tisa likiwa fupi kuliko wenzake.

Jino hilo nalijua kama kidole changu. Marehemu mama yangu alikuwa mtu wa Vatulele, kisiwa cha watengeneza masi, nguo ya gome la mti. Michoro yao huikata kwa wembe kwenye filamu kuukuu za eksirei, kisha huipiga wino mweusi juu ya gome. Siku mama alipokata mchoro huu wembe ulimponyoka. Hakuitupa ile filamu. Alisema mwenye macho atalijua jino lake. Na mimi nilipouhamishia mchoro ule kwenye kompyuta, mstari mmoja mmoja, miezi miwili ya kubaki dukani baada ya kazi, nililiacha jino la tisa fupi vilevile.

Chini ya picha paliandikwa: Mbunifu, Isoa Ravula. Ameshinda Jumanne ya wiki iliyopita.

Isoa alikuwa mtu wangu. Mwaka mmoja na nusu. Kinyozi wake nilimchagua mimi. Hesabu ilinijia haraka: siku tisa. Katika siku hizo tisa tulikula pamoja mara tatu, akanishika mkono ukutani pale baharini, akanibusu kwenye paji la uso, akaniambia mimi ndiye mtu pekee ambaye yeye hamfichi kitu.

"Vipi, utaweza kuichora?" Bwana Shalendra aliuliza.

"Naweza."

"Itakuchukua muda gani?"

"Hata dakika moja haitanichukua," nilimwambia. "Ila sitaichora."

Nikachukua mkoba wangu nikatoka. Nilimtumia Isoa maneno mawili tu: *Nimeiona. Njoo.*

Hakuja.

Jumamosi asubuhi nilikwenda sokoni kununua magimbi, kwa sababu mama mdogo Vasiti, mdogo wake mama, alikuwa ameingia Ijumaa jioni kutoka Vatulele. Niliporudi nyumbani Raiwaqa na mzigo wangu begani, nilikuta viatu vya wageni vimepangwa mlangoni petu. Jozi tano. Ya mwisho niliitambua. Kisigino cha kushoto kililika upande, nami ndiye niliyemwambia kila siku akakitengeneze.

Niliingia nimeinama, kama inavyopasa watu wakiwa wamekaa mkekani. Bakuli la yaqona, kinywaji cha mizizi cha kukaribishia wageni, lilikuwa katikati. Baba yangu, Mzee Taniela, alikuwa amekaa upande wa juu, wa heshima, uso umekunjuka kwa namna ambayo sikuiona tangu alipostaafu ufundi wa mabasi. Mikononi alishika tabua, jino la nyangumi la kuombea radhi, kubwa, la rangi ya chai, na kamba yake ya kusuka ikining'inia. Upande wa chini, karibu na mlango, walikaa wanaume wa Kadavu, kisiwa cha kina Isoa. Mbele yao alikuwa Mzee Apenisa, mjomba wake Isoa. Nyuma ya wote, kichwa chini, alikuwa Isoa mwenyewe.

"...nalipokea," Baba alikuwa akimalizia. "Nalipokea na neno lake. Lililotokea limezikwa. Asilifukue mtu."

Makofi yakapigwa, yale mazito ya viganja vilivyokunjwa. Nilikuwa nimechelewa kwa pumzi mbili tu.

"Keti, mwanangu," Baba akaniambia. "Yamekwisha."

"Yapi hayo, Baba?"

"Yale ya picha."

Yale ya picha! Nikauweka mzigo wa magimbi chini taratibu, maana ningeutupa ungeviringika mpaka kwenye bakuli lao.

Mzee Apenisa akakohoa, akatabasamu. Ni mtu wa kusifika kwa maneno, na watu wa namna hiyo hawajui pa kuishia. "Vijana ni vijana, Mzee Taniela," alisema. "Wamekoseana, sisi wazee tumesuluhisha. Mimi naona hata ule uchumba mlioukataa mwaka jana sasa utazungumzika. Na kwa kuwa tumekuwa kitu kimoja, basi binti yetu huyu atatupatia lile faili la Jumatatu. Lile linalokuzwa bila kuharibika. Au siyo?"

Isoa alifumba macho.

"Mjomba," nilisema, "naomba nielewe. Hili jino limekuja kuomba msamaha au limekuja kuomba faili?"

"Arieta!" Baba alifoka.

"Nauliza tu, Baba. Kwa sababu kama ni faili, hata njugu zingetosha."

Mmoja wa wale wa Kadavu alicheka akakifanya kicheko kikohozi. Mama mdogo Vasiti, aliyekaa kwenye mlango wa jikoni akichambua majani ya magimbi kwa vidole vyake vyeusi vya wino, hakuinua uso.

"Isoa," nikasema. "Twende nje."

"Watu wamekaa!" Baba alisema.

"Naomba radhi kwa wote mliokaa. Nikizungumzia humu ndani nitasema neno ambalo litahitaji jino jingine."

Tukasimama nyuma ya nyumba, kwenye kamba ya nguo, mashuka ya Baba yakiwa katikati yetu. Isoa alikuwa amevaa shati lake la kanisani na sulu ya kiunoni iliyopigwa pasi. Alipendeza, na jambo hilo lilinikera kuliko mengine yote. Mtu aliyekukosea anapaswa kuonekana kama alivyo.

"Anza," nikamwambia.

"Arieta, mpenzi..."

"Usianzie hapo."

"Sikumwambia Mjomba aseme habari ya faili."

"Lakini ulimwambia kuna faili."

"Aliniuliza kosa ni nini. Nikamweleza ya picha na ya Jumatatu. Sasa yeye..."

"Yeye akasikia Jumatatu. Haya. Uliipataje?"

Alitazama miguu yake. "Siku ile dukani ulipoondoka kwenda kumfungulia mteja. Ilikuwa wazi kwenye kompyuta. Nikapiga picha kioo kwa simu."

"Ukapiga picha kioo."

"Nikaisafisha kwa ile programu yangu ya kwenye simu. Ya kupamba picha."

"Isoa, mwaka mzima nilikufundisha nini? Jioni ngapi nimekuweka kwenye kiti changu, nikakushika mkono juu ya mausi, nikakwambia picha ni vinukta, mchoro ni mistari? Picha ukiikuza inakufa, mchoro unaweza kukaa kwenye kifuniko cha chupa na kwenye ukuta wa ghala, ni uleule. Uliitikia! Ulisema 'nimeelewa, mwalimu wangu.' Kumbe ulikuwa unafurahia mkono tu."

"Nilikuwa nafurahia mkono," alikubali.

Karibu nicheke. Nilijikaza.

"Na sheria za shindano ulizisoma? Walisema chora kwa programu uitakayo, ya kulipia au ya bure, hawajali. Lakini mshindi alete mchoro wa mistari, herufi zote zigeuzwe maumbo ili zisibadilike kwenye mashine ya mtu mwingine, na nakala ya rangi moja. Imeandikwa!"

"Nilisoma ukurasa wa kwanza. Ulisema tuma picha ya JPEG ionekane kwenye tovuti. Ikaonekana vizuri."

"Ikaonekana vizuri ukubwa wa kiganja!"

"Waliponiambia nilete ile nyingine nilijaribu kuigeuza. Kuna programu inageuza yenyewe. Ikaniletea mistari elfu nne, imesokotana kama nywele za mtu aliyelala. Halafu kwa kuwa ni ya majaribio, ikaandika jina lake katikati."

"Hata kuiba hujui," nilimwambia. "Mwizi mwenye akili angechukua faili. Wewe umeingia ndani ya nyumba, ukaacha dhahabu, ukaondoka na picha ya dhahabu."

"Ningekuwa nimekusudia kuiba ningechukua faili, Arieta! Ndiyo ninachokwambia! Lilikuwa mbele yangu!"

Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. Ndani ya nyumba mazungumzo yalikatika, kisha yakaanza tena kwa kulazimishwa.

"Basi ulikusudia nini?"

"Mwisho wa shindano ulikuwa Jumapili. Wewe ulikuwa umeganda. Kila nikikuuliza, 'nasubiri jibu la Vatulele, nasubiri jibu la Vatulele.' Mchoro mzuri kuliko yote niliyowahi kuiona, umelala kwenye kompyuta ya mtu. Nikaona utapitwa."

"Ningepitwa! Shindano lingepita, mengine yangekuja. Mchoro ule si wangu peke yangu, Isoa. Ni wa mama, na wa mama zake, na wa wanawake ambao bado wako hai na wana mikono. Sikuwa nimeganda. Nilikuwa nimebisha hodi nasubiri kuitikiwa. Na hilo nalo nilikueleza."

"Ulinieleza."

"Ukaweka jina lako."

"Akaunti ilikuwa yangu. Nikasema nikishinda nitabadilisha, nitakufanyia mshangao. Nitakuja kwa baba yako, yeye aliyeniambia mbele ya watu kwamba hamwozi binti yake mtu anayeshinda kibandani akipangusa vioo vya simu, nimwambie, tazama, sisi wawili tumeshinda. Sisi wawili. Naapa."

"Na uliposhinda?"

"Mjomba alichinja nguruwe. Kanisani wakaniombea. Watu wananipa mkono, wananiita msanii. Kila siku nikasema kesho nitamwambia Arieta. Kesho ikawa..."

"Tisa."

"Niliogopa, Arieta."

"Uliogopa nini? Mimi?"

"Niliogopa kurudi kuwa yule wa vioo vya simu."

Lile lilinichoma, kwa kuwa nilijua ni kweli, na kwa kuwa nilimpenda yule wa vioo vya simu. Nilimpenda kibandani kwake, mgongo umepinda, bisibisi ndogo mdomoni. Sikumwambia. Hasira ikishakupa kiti cha mbele hukiachii upesi.

"Juzi nilikusubiri," nilisema badala yake. "Nilikwambia njoo. Nilipika. Nilivaa ile nguo ya njano. Nilikaa pale barazani mpaka mbu wakashiba. Nilikuwa nimejipangia nitakutukana kwanza, robo saa hivi, halafu ulie, halafu nikusamehe. Ningekusamehe, mjinga wewe! Ulichotakiwa ni kuja na miguu yako. Wewe ukaenda kutafuta mjomba."

"Kosa kama hili haliombewi kwa mdomo mtupu. Wewe mwenyewe unajua."

"Najua. Na lilipoombewa mimi nilikuwa wapi? Sokoni! Nanunua magimbi! Mmenizika bila mimi kuwepo mazishini."

Isoa akatoa simu mfukoni. "Sikuja kutafuta faili, Arieta. Tazama. Jana asubuhi, kabla sijaenda kwa Mjomba, niliwaandikia. Nimejitoa, Mjomba hata hajui. Nimewaambia mchoro ni wa Arieta Naivalu, mimi sikuchora hata mstari. Wameshajibu."

Nilimnyang'anya simu. Niliisoma barua yake mara mbili. Ilikuwa ya kweli, haikujitetea, na kwa dakika moja moyo wangu ulilainika kama muhogo uliochemka. Kisha nikashusha macho kwenye jibu la Waisasa.

"Wanasema nini hapa?" nilimuuliza, ingawa nilikuwa nimesoma.

"Wanashukuru kwa uaminifu."

"Endelea."

"Wanasema kwa sheria zao... nembo yenye utata wa umiliki haiwezi kushinda. Wamempa aliyekuwa wa pili. Kwa hiyo nimepoteza. Nilitaka ujue kwamba nimekubali kupoteza."

"Wewe ndiye uliyepoteza?"

Akanitazama, na nikaona lile jambo likimwingia polepole.

"Mchoro wa nani umetupwa nje, Isoa? Jina la nani limeandikwa huko kwamba lina utata? Lori lile lingepita Suva yote na meno ya mama yangu ubavuni. Ungenijia jana ukaniambia, 'Arieta, nataka kuwaandikia, tuandikeje?' Ningewaandikia mimi, wangoje jibu la Vatulele. Ningewaletea faili na filamu ya eksirei ya mama na jino lake fupi, na mwaka wa kukatwa. Utata ungetoka wapi? Lakini hukuniuliza. Uliuingiza mchoro bila kuniuliza, ukautoa bila kuniuliza. Mjomba wako anaomba bila kuniuliza. Baba yangu anasamehe bila kuniuliza. Mimi ni nini katika jambo hili? Mimi ni mkeka? Mnanikalia tu?"

Nilikuwa nalia sasa, na nachukia kulia mbele ya mtu ninayemgombeza. Isoa alinyoosha mkono kati ya mashuka. Niliupiga.

"Makelele yenu yanasikika mpaka kwa Wahindi wa nyumba ya tatu."

Alikuwa mama mdogo Vasiti, kwenye mlango wa jikoni, beseni la majani kiunoni. Ni mwanamke mwembamba, wa maneno machache, na sijawahi kumwona akiharakishwa na mtu.

"Wewe," alimwambia Isoa. "Unajua nilikuja Suva kufanya nini?"

"Hapana, Mama."

"Nilikuja kumletea huyu jibu. Tulikaa Jumatano, wanawake wote wenye mchoro ule, mpaka yule bibi asiyesikia. Tukakubali. Tukasema mtoto ameuliza kwa adabu, autumie popote, jina la mama yake litajwe." Akahamisha beseni upande wa pili. "Jana nafika stendi, binti mmoja ananionyesha simu. Nembo ya mafuta ya nazi, mshindi mwanamume wa Kadavu. Nikafika hapa jibu nimelifungia mdomoni. Sasa nitarudi niwaambie nini? Kwamba wakati sisi tunajadiliana kama tufungue mlango, mtu alikuwa ameshapita dirishani?"

Isoa alikaa chini pale pale kwenye nyasi, na sulu yake safi.

"Inuka," mama mdogo akasema. "Ingieni ndani. Na wewe, Arieta, pangusa uso. Tunakwenda kuwakera wanaume."

Tuliingia. Baba alikuwa na uso wa mvua. Mzee Apenisa alikuwa ameshaanza hadithi nyingine, akaikata.

Mama mdogo alikaa mbele ya Baba, akapiga makofi ya heshima, akainamisha kichwa. "Shemeji," alisema, "umepokea jino zuri. Nakuuliza, limezika nini?"

"Limezika kosa la kijana huyu kwa nyumba yangu."

"Kosa la kumwongopea binti yako, hilo lizike ukitaka, ingawa naona marehemu mwenyewe bado anapumua, yuko pale mlangoni kavimba." Kuna watu walicheka. "Lakini mchoro ni wetu sisi wa Vatulele. Wewe ulioa kwetu, hukuoa michoro. Unazikaje maiti ya watu wengine?"

Kwa watu wetu hakuna aibu kubwa kama kupokea jino lisilo lako. Nilimwona akilipima lile jino mkononi, na nikamwonea huruma, lakini si sana.

"Jino likishapokelewa halirudi," Mzee Apenisa aliwahi. "Ni desturi, dada yangu. Tusichezee desturi kwa ajili ya picha."

"Baba," nilisema. Nilisogea kwa magoti mpaka mbele yake, nikapiga makofi kama mama mdogo alivyofanya. "Sijawahi kukuomba kitu mbele ya wageni. Uliponikatalia Isoa mwaka jana nilinyamaza. Leo umemkubali, na bado hukuniuliza. Naomba hilo jino. Sio ulirudishe. Nipe mimi."

"Utalifanyia nini?"

"Nipe kwanza, ndipo utajua. Mara moja tu, Baba, nipe kitu kabla hujajua."

Alinitazama muda mrefu. Ana macho ya fundi, hupenda kuona kilichovunjika kiko wapi. Sijui aliona nini. Alilishika jino kwa mikono miwili na kulilaza kwenye mikono yangu. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, na lilikuwa na joto la viganja vyake.

Niligeuka. Nilimpita Mzee Apenisa aliyekwisha kunyoosha mikono kulipokea, nikafika nyuma kabisa alipokaa Isoa, nyasi zikiwa bado zimemganda kwenye sulu, nikaliweka mbele yake.

"Vatulele," nilimwambia. "Utakaa chini mbele ya wanawake wale, mpaka yule asiyesikia, utawaeleza ulichofanya kwa mdomo wako. Wakikufukuza, umefukuzwa. Wakilipokea, wamelipokea. Lakini hilo ni la kwao. Mimi sijapokea chochote leo, na asiseme mtu kwamba nimepokea."

"Atakwenda na mimi," alisema Mzee Apenisa. "Hawezi kusema yule. Nitamsemea."

"Mjomba." Isoa alikuwa amelichukua jino, kamba imezunguka kifundo cha mkono wake. Hakuinua sauti. "Naomba unisamehe. Ulinichinjia nguruwe kwa kitu ambacho sikukifanya. Hili nitalisema mwenyewe."

Mmoja wa watu wa Kadavu akamjazia Mzee Apenisa kikombe.

"Boti ni lini, Mama?" Isoa alimuuliza mama mdogo.

"Jumanne alfajiri. Narudi nayo. Utabeba magunia yangu."

"Nitabeba."

Kisha akanigeukia mimi, mbele ya baba yangu, mbele ya mjomba wake na watu wa Kadavu waliokuwa wamesahau kunywa. Macho yake yalikuwa mekundu, na hayakunikwepa.

"Arieta," alisema. "Unaniruhusu niende?"

Mwaka mmoja na nusu, na hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza la kweli aliloniuliza. Nyumba nzima ikanitazama mimi, ikingoja jibu langu, Baba naye akiwemo. Nilikuwa na matusi mazuri niliyoyapanga tangu Alhamisi, na yote yalinitoka kichwani.

"Nenda," nilimwambia.

Nililisema kwa ukali, meno yamekazana, na mama mdogo akanitupia jicho kama anayesema sasa inatosha. Lakini sikuwa na namna nyingine ya kulisema. Ningeilegeza sauti ile kidogo tu, ingetoka "Baki."